Paka Mdogo Anayetaka Kutoka: Dalili, Sababu na Utatuzi kwa Nyumba za Tanga

Paka wa miezi minne hadi minane ndiye anayewashinda wengi kumlea ndani ya nyumba. Mwili wake bado ni mdogo kiasi cha kupenya kati ya nondo za dirisha, lakini tayari ana nguvu za kuruka juu ya kabati, na akili yake yote iko kwenye kila kinachosogea, kinachonuka na kinacholia upande wa pili wa mlango. Katika mji wa Tanga jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa ili zifungwe. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto linapopanda, familia ya Ngamiani au Makorora inayofunga milango na madirisha mchana kutwa haiwezi kukaa ndani; upepo lazima uingie kwa mlango wa mbele, upite ukumbini na utokee uani. Njia hiyo ya upepo ndiyo njia ya paka.

Msimamo unaoongoza maelezo yote yafuatayo ni kwamba paka anayehangaika kutoka anatafuta kitu mahususi, na kitu hicho hutambulika kwa kuangalia saa anayohangaika, mahali anaposimama na sauti anayoitoa. Ukiziba tundu bila kujua anachokitafuta, atatafuta tundu jingine, na safari hii huenda likawa la hatari zaidi.

Je, kumfungia paka si dhuluma?

Swali hili huulizwa na wazee wetu mapema, nalo linastahili jibu la heshima kabla ya kugusa komeo lolote. Wengi wanaikumbuka hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, akawa hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie chakula chake ardhini. Kosa linalotajwa humo ni kumnyima mnyama riziki huku umemzuia kuitafuta. Kwa hiyo anayemweka paka ndani amejitwika wajibu wa kumpatia kila alichokuwa akikipata nje: chakula, maji, mahali pa kujisaidia, mahali pa juu pa kupanda, na windo, hata kama windo lenyewe ni manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye kamba. Asiyeweza kuubeba wajibu huo ni afadhali asimfungie.

Anayeweza kuubeba ana sababu nzuri za kufanya hivyo. Barabarani kuna bodaboda na bajaji, kuna mbwa, kuna sumu ya panya iliyotegwa madukani na kwenye maghala, na kuna paka shume ambao jeraha la meno yao huziba juu na kutunga usaha chini ya ngozi. Kunguru weusi, ambao wamejaa katika mji wetu kama walivyojaa pwani yote, humzingira mtoto wa paka aliyepotea na kumdonoa. Juu ya yote hayo kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka huupata kwa kuumwa na mnyama mwenye virusi vyake, na ambao dalili zikishajitokeza hauna tiba, si kwa paka wala kwa binadamu.

Dalili: anachomoka mlangoni kila unapofunguliwa

Mtazame kabla hajachomoka. Hulala kifudifudi hatua moja au mbili kutoka kizingitini, masikio yameelekea mbele, ncha ya mkia inatikisika, na macho hayaangalii kitasa bali upenyo mwembamba ulio kati ya ubao wa mlango na sakafu, ambako vivuli vya miguu ya wapita njia huja na kutoweka. Huo ni mkao wa kuwinda. Paka wa namna hii hana chuki na nyumba yake wala hakimbii mateso. Amepata pahali penye windo zaidi ya pengine popote ndani, na mlango ukifunguka anafuata windo lake.

Sababu ya kwanza ni saa. Kwa maumbile yake paka huchangamka zaidi kunapopambazuka na jua linapozama, na hizo ndizo saa ambazo milango yetu hufunguliwa mfululizo: wanaume wanatoka kwenda kuswali alfajiri wakati ukumbi bado una giza, mtu anatumwa maandazi, watoto wanaondoka kwenda shuleni, na jioni kila mmoja anarudi kwa wakati wake. Mwezi wa Ramadhani hali huzidi, kwa kuwa sahani za futari huingia na kutoka kwa majirani muda ule ule wa magharibi. Tiba ya sababu hii ni kumtangulia. Mchezeshe kwa bidii dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya saa hizo, umvutie kamba yenye manyoya sakafuni kama mjusi anavyokimbia na kusimama, umwache aikamate mara kadhaa, kisha umpe chakula mara tu mchezo unapokwisha. Paka aliyewinda, akakamata na akala hujilamba mwili na kulala. Huo ndio mpangilio wa siku yake ya asili. Wanaoswali alfajiri wanaweza kumchezesha kidogo wakati wa kusubiri adhana, na baada ya siku chache ataanza kuwangojea bakulini badala ya mlangoni.

Sababu ya pili tunaitengeneza sisi wenyewe. Mtu anarudi kutoka kazini, paka anamlaki kizingitini, naye anainama kumbeba na kumbembeleza palepale. Kwa kufanya hivyo mlango umegeuka kuwa mahali pa raha. Ni bora kuingia kimya, kufunga mlango, kutembea hadi mwisho wa ukumbi na kumsalimia huko, juu ya mkeka au kigoda kimoja ambacho hakibadilishwi. Kipande kidogo cha samaki wa kuchemsha kikitolewa juu ya kigoda hicho kila mlango unapogongwa, paka atajifunza kwamba sauti ya hodi ina maana ya kukimbilia kigodani. Somo hili huchukua muda, na hufanikiwa pale tu nyumba nzima inapolifuata, wakiwemo watoto.

Kumkimbiza ni kosa, kwa kuwa kwake kukimbizwa ni mchezo mtamu kuliko yote. Kumpiga au kumwagia maji ni kosa kubwa zaidi. Paka haunganishi adhabu na mlango, huiunganisha na mkono uliompiga, na siku atakapotoka hataukaribia mkono huo.

Sababu ya tatu hupita barabarani kila asubuhi. Mchuuzi wa samaki aliyetoka soko la samaki la Deep Sea na tenga lake nyuma ya baiskeli huujaza mtaa mzima harufu ya vibua na changu, na paka huitambua sauti ya mwito wake kabla baiskeli haijafika. Mwite mchuuzi aje mlango wa uani, au umpe paka chakula chake cha asubuhi mapema, ili mchuuzi akipita paka awe ameshiba.

Kuhusu mlango wenyewe, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili ina faida ambayo haitumiwi ipasavyo. Mgeni anapobisha, jibu linaweza kuwa: “Karibu, subiri kidogo nimweke paka chumbani,” na hakuna mgeni wa Tanga atakayeona vibaya kungoja kwa muda huo mfupi. Pazia halizuii chochote. Kinachofaa ni mlango wa pili wa fremu ya mbao na wavu wa chuma, wenye springi ya kuurudisha wenyewe, ambao nusu yake ya chini imezibwa kwa ubao au bati ili paka asione miguu ya wapita njia. Upepo unapita, mlango mkubwa unabaki wazi, na windo halionekani tena. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza.

Dalili: mlango umefungwa, lakini paka yuko nje

Hapa tafuta ushahidi kabla ya kutafuta fundi. Pitia madirisha yote na uangalie pembe za chini za wavu wa mbu. Utakuta nyuzi zilizovutwa hadi zikalegea, labda tundu la duara lisilozidi upana wa kikombe cha kahawa, na kwenye kingo zake manyoya machache yaliyonasa. Wavu wa nailoni humzuia mbu tu. Kucha za paka huufungua kwa siku chache.

Nondo za dirisha nazo huwapa watu imani isiyo na msingi. Mfupa wa mtulinga wa paka haukuungana na mifupa mingine kama wetu, bali umeshikwa na misuli tu, na kwa sababu hiyo mabega yake hujibana na kufuata popote kichwa kilipopita. Kanuni ya kupimia ni rahisi: pale ambapo vidole vitatu vya mtu mzima vinapita vikiwa vimepangwa bega kwa bega, mtoto wa paka anaweza kupita. Nondo nyingi za nyumba zetu zimeachana zaidi ya hapo. Suluhisho ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliopigiliwa kwa mabanzi ya mbao kuzunguka fremu yote, misumari ikiwa karibu karibu hasa kwenye pembe za chini, ambako paka husukuma kwa kichwa na uzito wake wote. Kwa kuwa hewa ya bahari inakula chuma haraka, wavu uliopakwa zinki hudumu zaidi, na kila baada ya masika pembe zikaguliwe tena kwa kuzivuta kwa mkono.

Dirisha la vioo vya kukunja ni baya kwa paka, kwani akipenyeza mwili kati ya vioo viwili anaweza kunasa katikati asiende mbele wala kurudi. Liwekewe wavu upande wa ndani au vioo vya chini visifunguliwe. Dirisha la alumini la kuteleza husukumwa kwa mkono wa paka mdogo, na kijiti kilichokatwa sawasawa na kulazwa kwenye reli yake kinatosha kulizuia. Wanaoishi ghorofani wasidanganyike na usemi kwamba paka huangukia miguu yake. Ni kweli kwamba hujigeuza hewani, lakini kujigeuza hakumwokoi na kuvunjika taya, mguu au kupasuka kifua.

Kama madirisha yote ni mazima, inua macho. Katika nyumba nyingi zisizo na dari, kati ya kichwa cha ukuta na bati kuna uwazi wa kupitishia hewa, na mtambaapanya, yaani ule mti unaolazwa juu ya ukuta, ambao jina lake linajieleza, ni barabara ya paka vilevile. Paka mwenye afya anaruka zaidi ya mita moja na nusu kutoka alipokaa, hivyo meza humpeleka kwenye kabati, kabati humpeleka kwenye kichwa cha ukuta, na kutoka hapo yuko kwenye kenchi za jirani. Usiuzibe uwazi huo kwa tofali, kwa sababu joto la bati la mchana litakosa pa kutokea na nyumba nzima itaumia. Pigilia wavu wa chuma kwa urefu wote wa uwazi, kisha usogeze kabati mbali na ukuta anaoupandia. Lakini ukishamwondolea njia ya kupanda, mpe nyingine. Ubao mpana uliofungwa ukutani chini kidogo ya usawa wa dirisha lenye wavu, ambako anaweza kulala na kutazama kunguru bila kufikiwa nao, utampunguzia hamu ya kupanda kenchini kuliko kizuizi chochote.

Nyumba iliyowekwa dari ya jipsamu nayo ikaguliwe pale penye mfuniko wa kupandia fundi umeme. Mfuniko usiokaa vizuri husukumwa kwa kichwa, na paka aliyeingia humo anakutana na nyaya na joto kali la mchana.

Dalili: analia usiku, anagaagaa, hatulii

Vilio vya usiku havina sababu moja, na kosa la kawaida ni kuvichukulia vyote sawa.

Paka jike wa miezi minne hadi sita na kuendelea, ambaye ghafla analia kwa sauti nzito ya kuvuta, anajigaragaza sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya kila mtu na kuinua kiuno akishikwa mgongo, haumwi wala harogwi. Ameingia kwenye joto, yaani anataka dume. Hali hiyo hudumu kama wiki moja, hutulia, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu, na huendelea kurudi mpaka apandwe au afungwe kizazi. Katika nchi za mbali na ikweta urefu wa mchana huwapumzisha paka majira ya baridi. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, na paka wetu anaweza kuingia kwenye joto mwezi wowote. Katika siku hizo hakuna wavu wala kigoda kitakachomridhisha, na madume ya mtaa mzima yatakusanyika barazani. Atakayefanikiwa kutoka atarudi na mimba, naye atazaa baada ya siku zipatazo 63 hadi 65.

Tiba ya kweli ni upasuaji wa kufunga kizazi kwa jike na kuhasi kwa dume, unaofanywa na daktari wa mifugo, na unaweza kufanywa kuanzia umri wa miezi minne au mitano. Naandika hili kwa mkazo kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba jike lazima azae mara moja kwanza ndipo awe na afya. Hakuna manufaa yoyote ya kiafya katika uzao huo. Kinyume chake, jike aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza ana hatari ndogo zaidi ya kupata uvimbe wa saratani kwenye chuchu. Kumpa vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu ni kumhatarisha.

Dume asiyehasiwa hujulikana kwa alama nyingine: husimama amekipa kisogo kiambaza, mkia wima unaotetemeka, na kunyunyiza mkojo wenye harufu kali. Dume huyo husikia mwito wa jike kutoka mbali, na atatafuta njia ya kumfikia usiku kucha. Akihasiwa mapema, mara nyingi hataianza tabia hiyo kabisa.

Kama paka amekwisha kufungwa kizazi na bado analia, angalia tumbo lake na siku yake. Paka hulala saa kumi na mbili hadi kumi na sita katika saa ishirini na nne, na anayeachwa alale mchana wote kwenye sakafu ya vigae yenye ubaridi, bila mtu wa kumchezesha, huamka usiku akiwa na nguvu zake zote. Mpe mchezo na mlo wa mwisho muda mfupi kabla ya familia kulala. Kisha, akilia kwa ajili ya kufunguliwa tu, usimfungulie. Ukivumilia usiku wa kwanza na wa pili, halafu ukachoka usiku wa tatu ukamfungulia, umemfundisha kwamba mlango hufunguka kwa aliaye usiku tatu, na wiki ijayo hatakata tamaa mapema. Majirani waelezwe kabla, kwa sababu kuta zetu zinagusana, na jirani aliyeombwa radhi mapema huvumilia zaidi.

Dalili: anakula kila kinachoanguka, na bado anaonekana ana njaa

Wapo wanaomnyima paka chakula makusudi ili akamate panya. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa kuwa hamu ya kuwinda na njaa kwake ni mambo mawili tofauti, na aliyeshiba ana nguvu zaidi za kumkamata huyo panya. Ugali uliochovywa mchuzi haumtoshi. Mwili wa paka unahitaji nyama au samaki kila siku, pamoja na kirutubisho kiitwacho taurini kipatikanacho katika vyakula vya asili ya mnyama, ambacho upungufu wake huharibu macho na moyo. Hadi miezi sita apewe milo mitatu au minne midogo kwa siku, baadaye miwili inatosha. Dagaa wakavu waloweshwe na kuchemshwa ili kupunguza chumvi, na vichwa vya samaki vichemshwe na kutolewa miiba. Samaki mbichi wa kila siku si mzuri, kwa sababu baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Moyo na maini ya kuku, kwa kiasi, hukamilisha mlo huo kwa gharama ambayo nyumba nyingi zinaimudu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Maji safi yanatosha, na siku za joto yawekwe sehemu mbili au tatu, mbali na chakula.

Dalili: anajisaidia pembeni mwa beseni

Mara nyingi beseni ni chafu, limewekwa karibu na chakula, au liko mahali penye kelele. Toa kinyesi kila siku, badilisha mchanga wote kila wiki, na uweke mchanga wa kina cha sentimita tano hivi. Maranda ya mbao yanafaa pia. Mchanga wa ufukweni uoshwe na kukaushwa kwanza. Wenye paka wawili waweke mabeseni matatu.

Lipo jambo moja hapa lisilovumilia kusubiri. Dume anayeingia na kutoka kwenye beseni, anajikaza, analia, na mchanga unabaki mkavu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Akiachwa hadi kesho kutwa anaweza kufa.

Dalili: anatafuna, anameza, anajificha ndani ya vitu

Ndani ya nyumba pia si salama kwa udadisi wake. Hatari ninayoihofia zaidi ni uzi. Katika nyumba ambazo kina mama hudarizi kofia au wana charahani, uzi na sindano huachwa juu ya kiti kwa dakika chache tu, na ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea nyuma ambayo ikishaushika uzi haiwezi kuutema. Uzi huo hukunja utumbo na kuukata. Kamba ya mchezo nayo ifichwe kila mchezo unapokwisha, vivyo hivyo mshipi na ndoana za mvuvi. Ukiuona uzi umening'inia mdomoni au unatokea nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Dawa za binadamu zifungiwe. Kidonge kimoja cha parasetamo kinatosha kumwua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa mara nyingi zina pamethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka, na dawa ya mbu inapopulizwa chumbani atolewe humo hadi hewa isafishike. Katika mimea ya mapambo, mtapo na maua ya lili ni hatari. Asmini ya uani haina madhara kwake. Pipa la maji na ndoo za kufulia zifunikwe, jiko la mkaa lizungushiwe kizuizi mpaka lipoe, na kabla ya kufunga friji, kabati au mashine ya kufulia, mtu aangalie ndani.

Dalili: ametulia ndani, lakini hutazama uani siku nzima

Paka wa namna hii anastahili kupewa ua, kwa mipaka. Ukuta wenye vipande vya chupa juu yake haumzuii. Humkata nyayo tu. Nashauri kizimba. Miti minne ya mirunda, wavu wa kuku pande zote na juu, kivuli cha makuti, ubao mmoja wa kupanda na mlango wenye komeo la nje vinatosha, na kizimba cha mita mbili kwa moja kinakaa kando ya kamba ya nguo bila kumbughudhi mtu. Kikiegemezwa kwenye dirisha la chumba, paka anatoka na kurudi mwenyewe. Wavu ufukiwe chini kidogo ya udongo. Ua wa nyumba ya wapangaji wengi unahitaji ridhaa ya wote, na mwenye kizimba asafishe harufu kila siku bila kungoja kuambiwa.

Dalili: ametoka, na haonekani

Usikimbilie mitaa ya mbali. Paka wa ndani aliyetoka kwa mara ya kwanza huogopa, na hujibanza karibu: chini ya baraza, mvungu wa kitanda cha jirani, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa, ndani ya mtaro mkavu, juu ya tairi la gari lililoegeshwa. Omba ruhusa kwa majirani wa nyumba tatu au nne za kila upande, ukaangalie mwenyewe, kwa sababu paka aliyejibanza hamjibu hata anayempenda. Rudia usiku wa manane, mtaa ukiwa kimya, ukiwa na tochi uliyoishika usawa wa macho yako, ili mboni zake zirudishe mwanga. Mwite kwa sauti ya kawaida, ugonge bakuli lake, na uache mlango wa uani wazi kidogo na nguo uliyoivaa ikiwa kizingitini. Wajulishe mjumbe wa shina na watoto wa madrasa, ambao huona kila kitu kinachopita uchochoroni. Waambie wasimkimbize, bali waje kukuita.

Atakaporudi, mpapase mwili mzima, hasa chini ya mkia, miguuni na kichwani, ukitafuta matundu madogo ya meno. Jeraha la meno hutunga usaha baada ya siku mbili tatu hata kama leo linaonekana dogo, na mnyama aliyemng'ata huenda hakuwa mzima. Kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa apewe mapema, anapofikisha miezi mitatu, na irudiwe baada ya mwaka mmoja. Ofisi ya mifugo ya halmashauri inaweza kukuelekeza inakopatikana. Kama paka huyo aliyerudi amekung'ata au kukuparura wewe au mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, usilifunge, na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwaeleza kwamba paka alikuwa nje na kama amechanjwa au la.